Namna Ndege Zinavyopishana Katika Viwanja Visivyo na Mnara

Msafiri wa kawaida hudhani kwamba hakuna ndege iwezayo kuruka wala kutua bila ya ruhusa ya mtu aliyeketi katika mnara. Dhana hiyo ni kweli kwa viwanja vikubwa, lakini viwanja vikubwa ni vichache. Nchini Marekani viko viwanja takriban 5,000 vilivyo wazi kwa umma, na kati ya hivyo vyenye minara ya kuongozea ndege ni kama 500 tu. Katika Afrika ya Mashariki hali haitofautiani sana. Viwanja vingi vya wilayani, vya misheni, vya mashamba makubwa na vya mbuga za wanyama ni ukanda wa changarawe au wa majani, mfuko wa upepo juu ya mlingoti, na pengine banda la kujikinga na jua. Hakuna mnara, hakuna rada, na hakuna wa kumwambia rubani asubiri au atue. Hata hivyo ndege hushuka na kupaa humo kila siku, na kwa kawaida hazigongani.

Je, ni nini hasa kinachozizuia? Swali hili lastahili kuulizwa darasani, kwa sababu majibu yake yanagusa fizikia ya mwendo, ya mawimbi ya redio, na biolojia ya jicho kwa wakati mmoja. Tena lastahili kuulizwa kwa sababu mara chache kinga hizo hushindwa, na zikishindwa watu hufa.

Upepo na mstatili

Mwongoza ndege wa kwanza ni upepo. Mabawa ya ndege huhitaji mwendo fulani wa hewa ili yaweze kuibeba, wala hayajali kama mwendo huo umeletwa na injini au na upepo. Ndege inayohitaji hewa ipite kwa kilomita 100 kwa saa, ikiukabili upepo wa kilomita 20 kwa saa, itaiacha ardhi ikiwa inakimbia kwa kilomita 80 tu. Kwa hiyo upepo ukivuma kwa nguvu, marubani wote watachagua njia moja na uelekeo mmoja bila ya kusemezana. Matata huanza siku upepo unapokuwa dhaifu, au unapovuma katikati ya njia mbili zinazokatana. Siku kama hiyo, ambayo mtu aliye chini angeiita siku nzuri ya kurusha ndege, kila rubani aweza kuchagua njia inayomfaa yeye, na wote wakawa na haki.

Kila njia ya kurukia hupewa namba kufuata dira. Namba 13 maana yake ni kwamba ndege inayoitumia inaelekea karibu nyuzi 130 kutoka kaskazini ya sumaku. Namba 04 ni nyuzi 40. Mwanafunzi akitoa moja katika nyingine ataona kwamba njia 13 na njia 04 hukatana kwa pembe mraba. Azikumbuke namba hizo mbili, maana zitarudi hapa chini.

Baada ya upepo hufuata desturi ya mzunguko. Rubani anayekuja kutua haendi ovyo, bali hufuata mstatili wa kuwazika uliochorwa angani kando ya njia. Hupita kwanza sambamba na njia, upepo ukimsukuma kutoka nyuma. Huu huitwa upande wa kufuata upepo. Kisha hugeuka mara ya kwanza kuikata njia kwa mbali, na mara ya pili kuielekea njia yenyewe, akiukabili upepo, katika upande wa mwisho. Kimo cha kawaida cha ndege ndogo katika mzunguko ni futi 1,000 juu ya ardhi, yaani kama mita 300. Kona zote hukatwa kushoto isipokuwa pale ilipoagizwa vinginevyo, kwa sababu rubani mkuu huketi kiti cha kushoto na huona vizuri zaidi upande huo. Desturi inayopendekezwa Marekani ni kwamba mgeni auingie mstatili huu katikati ya upande wa kufuata upepo, kwa pembe ya nyuzi 45, akiwa tayari amekwisha kufika katika kimo hicho.

Mtu aweza kudhani kwamba hizi ni taratibu za adabu tu. La hasha. Anga lina vipimo vitatu, na kutafuta nukta moja iliyo popote katika vipimo vitatu ni kazi isiyo na mwisho. Mstatili hulipunguza tatizo hilo hadi kipimo kimoja: rubani ajuaye kwamba mwenzake yuko mahali fulani juu ya mistari minne, katika kimo kile kile, huwa na mahali pachache pa kutazama. Aidha ndege zinazofuatana katika mstari mmoja kwa mwendo unaolingana hazikaribiani haraka, na huo ndio ulinzi mkubwa kuliko wote. Ndege inayokuja moja kwa moja kutoka mbali, bila ya kuuzunguka uwanja, huukosa ulinzi huo na huwanyima wengine pia.

Viwanja vya mbugani vina jambo lao la ziada. Mara nyingi rubani hupita kwanza chini kabisa juu ya njia ili awafukuze pundamilia au nyumbu, kisha hupanda na kuzunguka upya ndipo atue. Kitendo hicho ni cha busara, lakini humweka katika kimo na mahali ambapo mchoro wa mstatili haumwonyeshi.

Sheria za kupishana zenyewe ni chache na hushabihiana na zile za vyombo vya baharini. Ndege mbili zikikabiliana uso kwa uso, kila moja huenda kulia. Zikikatana katika kimo kimoja, aliye kulia kwa mwenzake ndiye apishwaye. Anayepitwa ana haki dhidi ya anayempita. Anayetua ana haki dhidi ya aliye ardhini. Na wawili wakija kutua pamoja, aliye chini ndiye mwenye haki, ila haruhusiwi kuitumia haki hiyo kujipenyeza mbele ya mwingine aliyekwisha kufika upande wa mwisho. Sheria zote hizi zina sharti moja lisilotajwa: kwamba kila mmoja amemwona mwenziwe.

Redio na jioni ya Quincy

Kwa kuwa kuonana si hakika, marubani hutumia redio. Kila uwanja usio na mnara hupewa masafa ya pamoja, na kila rubani hutangaza mahali alipo na jambo analokusudia kufanya: niko kilomita kadha kaskazini, nashuka, naingia upande wa kufuata upepo, naingia njiani kuruka. Hakuna anayejibu kwa niaba ya wote. Ni mfano wa watu wanaopita gizani katika kichochoro chembamba, kila mtu akipiga hodi.

Masafa yanayopatikana ni machache kuliko viwanja, kwa hiyo viwanja vingi hushirikiana masafa mamoja. Mawimbi ya redio yatumiwayo na ndege husafiri karibu katika mstari ulionyooka, na umbali yanaofika hutegemea kimo cha antena. Kwa makadirio, umbali huo kwa kilomita ni mara 4.1 ya kipeuo cha pili cha kimo kwa mita. Ndege iliyo mita 300 juu ya ardhi husikika umbali wa kilomita 70 hivi. Iliyo mita 3,000 husikika zaidi ya kilomita 220. Ndiyo sababu rubani hutaja jina la uwanja mwanzoni mwa tangazo na kulirudia mwishoni. Bila ya hivyo, aliye uwanja wa pili aweza kumkimbia mtu asiyekuwapo, au, vibaya zaidi, akazoea kuyapuuza matangazo.

Jambo jingine ni kwamba redio hizi huruhusu mtu mmoja tu kusema kwa wakati mmoja. Wakisema wawili, mawimbi yao huingiliana. Mwanafunzi aliyesoma habari za mapigo ya sauti atatambua mara moja kinachotokea: mitambo miwili inayopaswa kutoa megahezi 122.8, lakini ikatofautiana kwa hezi 1,000 tu, itatoa katika sikio la msikilizaji mluzi wa hezi 1,000, na maneno ya wote wawili yataharibika. Mluzi huo huudhi, lakini una faida yake, kwani humjulisha msikilizaji kwamba yuko mtu aliyesema na hakusikika. Katika redio za aina nyingine, ambazo mtambo wenye nguvu huumeza ule dhaifu kimya kimya, onyo hilo lisingekuwapo.

Yaliyotokea katika uwanja mdogo wa Quincy, jimbo la Illinois, tarehe 19 Novemba 1996, huonyesha vizuri uwezo na udhaifu wa redio. Ilikuwa yapata saa kumi na moja jioni, giza likianza kuingia. Ndege ya abiria aina ya Beechcraft 1900, yenye abiria 10 na marubani 2, ilikuwa ikija kutua moja kwa moja katika njia 13. Wakati huo huo ndege ndogo ya injini mbili aina ya King Air, yenye watu 2, ilikuwa imesimama mwanzoni mwa njia 04 tayari kuruka. Nyuma yake ilingoja ndege ya tatu, Piper Cherokee, nayo ikikusudia kuruka.

Marubani wa ndege ya abiria hawakuwa wazembe. Walitangaza mahali walipo mara kadhaa walipokuwa wakikaribia. Walipokuwa karibu kabisa na njia waliuliza kama ndege iliyo katika njia 04 itangoja au itaruka. Lilikuwa swali sahihi, lililoulizwa kwa wakati. Aliyelijibu hakuwa King Air. Alikuwa rubani wa Cherokee, aliyetaja namba ya ndege yake akasema kwamba anangoja kuruka, na akataja pia kwamba King Air iko mbele yake. Lakini katikati ya maneno hayo, ndani ya ndege ya abiria, chombo cha kutahadharisha juu ya ukaribu wa ardhi kilitamka kwa sauti kwamba kimo ni futi 200. Sehemu ya maneno ya redio ikafunikwa. Kilichobaki masikioni mwa marubani kilikuwa mambo mawili: kungoja, na King Air. Wakaamini kwamba King Air yenyewe ndiyo iliyojibu, na kwamba itangoja. Wakashukuru na kusema kwamba watapita mbele yake.

King Air haikusema kitu. Ilikuwa imekaa njiani kwa muda wa kama dakika moja, kisha ikaanza kukimbia bila ya kutangaza. Ndege hizo mbili zilikutana pale njia zinapokatana. Uchunguzi ulionyesha kwamba huenda watu wa ndege ya abiria hawakuuawa na mgongano wenyewe. Watu waliokuwapo uwanjani walikimbia hadi kwenye ndege na kujaribu kuufungua mlango, nao ukawa umekwama. Uwanja haukuwa na kikosi cha zimamoto, kwa kuwa sheria za wakati huo hazikuulazimisha kuwa nacho kwa ndege ndogo za abiria kama ile. Watu wote 14 walikufa.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani iliamua kwamba chanzo cha ajali ni marubani wa King Air kushindwa kusikiliza ipasavyo masafa ya pamoja na kushindwa kuangalia ndege nyingine. Ikaongeza kwamba tangazo la Cherokee lililokatizwa, ukosefu wa huduma ya zimamoto na mlango uliokwama vilichangia. Uamuzi huo ni wa haki. Hata hivyo kwa mwalimu wa sayansi liko somo jingine linalofaa kuchimbuliwa. Katika mfumo usio na msimamizi, ukimya una maana mbili zilizo kinyume: aidha hakuna mtu, au yupo mtu asiyesikia. Msikilizaji hana njia ya kuzitofautisha kwa redio peke yake. Na jibu lisilothibitishwa kwamba limetoka kwa yule aliyeulizwa ni hatari kuliko ukimya, kwa sababu ukimya humfanya rubani aendelee kutazama, ilhali jibu humfanya atulie.

Jicho na punje ya mtama

Hivyo kazi hurudi kwa jicho. Kanuni ya msingi ya viwanja hivi ni kuona na kuepa, na kila rubani hufundishwa kwamba hakuna redio wala chombo kinachoiondoa. Lakini jicho laweza kufanya nini hasa?

Idara ya usafiri wa anga ya Marekani hutumia katika miongozo yake hesabu ifuatayo. Kuiona nukta huchukua sekunde 0.1, kutambua kwamba ni ndege, sekunde 1, kufahamu kwamba iko katika njia ya kugongana nawe, sekunde 5, kuamua upande wa kugeukia, sekunde 4, misuli kutenda, sekunde 0.4, na ndege yenyewe kuanza kuitika, sekunde 2. Jumla ni sekunde 12.5. Inafaa kuona kwamba karibu robo tatu ya muda huo hutumika katika ubongo, wala si katika jicho au mikono.

Sasa zichukuliwe ndege mbili ndogo zinazokabiliana, kila moja ikienda mita 60 kwa sekunde. Zinakaribiana kwa mita 120 kwa sekunde. Katika sekunde 12.5 zitamaliza mita 1,500. Kwa hiyo rubani asiyemwona mwenzake kabla ya umbali huo amekwisha kuchelewa. Ndege yenye mabawa ya mita 10, ikitazamwa kutoka mita 1,500, huonekana na ukubwa gani? Kwa kanuni ya pembetatu zinazofanana, ni sawa na kitu cha milimita 4 kilichoshikwa mbele ya macho kwa umbali wa sentimita 60. Hiyo ni punje ya mtama mwishoni mwa mkono ulionyooshwa, tena punje ya rangi ya kijivu mbele ya mawingu ya kijivu. Mwezi mpevu huonekana mkubwa kuliko hivyo.

Ukubwa huo tena haukui kwa utaratibu ulio sawa. Kila umbali unapopungua kwa nusu, ukubwa huongezeka mara mbili. Punje ya milimita 4 huwa ya milimita 8 baada ya sekunde 6 hivi, ya milimita 16 baada ya sekunde 3 zaidi, kisha hulijaza dirisha lote kwa ghafla. Marubani walionusurika aghalabu husema kwamba ndege ile nyingine ilitokea pasipo na kitu. Haikutokea pasipo na kitu. Ilikuwapo muda wote, ndogo.

Tena jicho halioni vema isipokuwa katikati ya retina, katika eneo la nyuzi chache tu. Kwa sababu hiyo rubani hufundishwa asizungushe macho mfululizo, kwa kuwa jicho linalotembea haliitambui nukta ndogo. Huligawa anga vipande vya nyuzi 10, na kusimamisha macho katika kila kipande kwa sekunde moja angalau. Mwanafunzi apige hesabu mwenyewe: kulitazama anga kutoka bega la kushoto hadi bega la kulia, nyuzi 180, huhitaji sekunde 18. Muda huo ni mrefu kuliko zile sekunde 12.5. Maana yake ni kwamba hata rubani mwenye bidii, asiyeangusha macho hata mara moja kutazama vipimo vyake, hana hakika ya kuona kila kitu kwa wakati. Na anga likiwa tupu kabisa, jicho lisilo na kitu cha kulenga hulegea na kulenga umbali wa mita moja au mbili tu, kana kwamba linatazama vumbi lililo juu ya kioo.

Kila jicho lina pia doa lisiloona, mahali mshipa wa fahamu unapotokea. Ili kulithibitisha, mwanafunzi achore alama ya msalaba kwenye karatasi, na nukta nene sentimita 8 kulia kwake. Afumbe jicho la kushoto, autazame msalaba kwa jicho la kulia, kisha aisogeze karatasi polepole. Karatasi ikifika kama sentimita 30 kutoka usoni, nukta hupotea. Kwa kawaida jicho la pili huziba pengo hilo. Lakini ndani ya ndege, nguzo ya dirisha yaweza kulikinga jicho moja wakati ndege nyingine iko katika doa la jicho la pili.

Kitu kisichosogea

La kushangaza zaidi kuliko yote ni hili: ndege ya hatari kuliko zote ni ile inayoonekana kana kwamba haisogei kwenye kioo. Mabaharia walilijua jambo hili kabla ya kuwapo kwa ndege. Chombo kinachoonekana kwa pembe ile ile ya dira huku kikizidi kuwa kikubwa kitagongana na chako.

Uthibitisho wake ni rahisi. Watu wawili, A na B, waielekee njia panda kwa mwendo usiobadilika, nao wakusudiwe kufika pamoja. Zikibaki sekunde t, A yuko umbali sawa na kasi yake mara t, na B vivyo hivyo. Uwiano wa umbali hizo mbili ni uwiano wa kasi zao, nao haubadiliki. Kwa hiyo pembetatu iliyo kati ya A, B na njia panda hupungua ukubwa tu, umbo lake likabaki lile lile, na pembe zake zikabaki zile zile. A humwona B mahali pamoja mpaka wagongane.

Jambo hili laweza kupimwa katika kiwanja cha mpira. Zichorwe kwa chokaa njia mbili zinazokatana kwa pembe mraba. A asimame hatua 40 kutoka njia panda, akiwa ameshika kipimapembe chenye mrija wa kuchungulia. B asimame hatua 30. Mwalimu apige makofi, na kwa kila kofi nne A aende hatua nne na B hatua tatu. A akipima atamwona B daima katika pembe ya nyuzi 37 hivi kutoka mbele yake. Kisha jaribio lirudiwe, B akianzia hatua 20. Pembe itaanza karibu nyuzi 27, na A akisha kwenda hatua 20 itakuwa imepungua hadi nyuzi 14 tu. B atapita mbele salama. Macho ya binadamu, kama ya wanyama wengi, huvutwa na kitu kinachosogea. Hivyo B wa jaribio la pili, asiye na madhara, ndiye atakayeonekana upesi, na yule wa jaribio la kwanza ndiye atakayesahauliwa.

Watsonville, 2022

Mtu aweza kusema kwamba ajali ya Quincy ilikuwa ya giza na ya redio isiyosikilizwa. Lakini tarehe 18 Agosti 2022, mchana, huko Watsonville katika jimbo la California, ndege mbili ziligongana ingawa marubani wote wawili walikuwa wakitangaza katika masafa ya pamoja. Moja ilikuwa Cessna 152, ndege ndogo ya mafunzo iliyokuwa katika mzunguko wa kushoto. Ya pili ilikuwa Cessna 340 ya injini mbili, iliyokuwa ikija moja kwa moja kutoka mbali kutua katika njia ile ile namba 20. Mwendo wake ulikuwa kama kilomita 330 kwa saa, mwingi mno kwa ndege iliyo karibu kutua. Rubani wa ndege ndogo aliiona, akatangaza kwamba anaacha kutua na kupanda tena kwa sababu mwenzake anamjia kwa haraka. Hakuwahi. Watu 3 walikufa. Bodi iliamua kwamba chanzo ni rubani wa ndege kubwa kushindwa kuiona na kuiepa ile ndogo.

Katika ajali hii kila mmoja alisikia na kila mmoja alisema. Kilichokosekana ni hesabu. Neno "niko kilomita tano" halina maana moja katika vinywa viwili: kwa aendaye kilomita 120 kwa saa ni dakika mbili na nusu, na kwa aendaye kilomita 330 ni chini ya dakika moja. Marubani hutangaza umbali, lakini migongano hutokea kwa wakati. Pengine desturi ya kutangaza dakika zilizobaki pamoja na umbali ingefaa kusisitizwa zaidi kuliko ilivyo.

Umbo la ndege nalo huchangia. Ndege ambayo mabawa yake yako juu ya dirisha haioni vema juu yake. Ile ambayo mabawa yake yako chini haioni vema chini yake. Zikifuatana kutua, ya mabawa ya juu ikawa chini na ya mabawa ya chini ikawa juu, zaweza kushuka pamoja hadi kugusana bila ya yeyote kumwona mwenzake.

Vyombo vipya

Siku hizi ndege nyingi hubeba chombo kinachopokea mahali pake kutoka kwa setilaiti na kupatangaza mara moja hivi kwa sekunde, kwa masafa ya megahezi 1,090. Ndege nyingine huyapokea matangazo hayo na kuyaonyesha kama nukta kwenye ramani. Marekani ilikifanya chombo hicho kuwa cha lazima katika sehemu kubwa ya anga linalosimamiwa kuanzia tarehe 1 Januari 2020, lakini viwanja vingi vidogo viko nje ya anga hilo. Ndege isiyo nacho haionekani kwenye ramani hata ikiwa mita mia mbele, na rubani aliyezoea kuiamini ramani huinamisha kichwa wakati ule ule anapopaswa kukiinua. Taa ya kutulia iliyowashwa mchana ni chombo duni zaidi, lakini humfikia hata asiye na ramani.

Wala mnara wenyewe si kinga kamili. Tarehe 5 Machi 2024, karibu na uwanja wa Wilson, Nairobi, ambao una mnara, ndege ya abiria aina ya Dash 8 yenye watu 44 iligongana angani na Cessna 172 ya mafunzo. Ile kubwa ilirudi na kutua salama. Watu 2 waliokuwa katika ile ndogo walikufa.

Zoezi

Ndege ya kwanza inakuja moja kwa moja kwa kilomita 300 kwa saa, ikiwa bado kilomita 9 kufika njiani. Wakati huo huo ndege ya pili, yenye mwendo wa kilomita 120 kwa saa, iko katika mzunguko, ikiwa na kilomita 3.6 za kwenda pamoja na kona zake. (a) Kila moja itafika njiani baada ya sekunde ngapi? (b) Ndege ya pili inaingia upande wa mwisho ikiwa imebakiwa na kilomita 1.2. Je, wakati huo ndege ya kwanza iko mita ngapi nyuma yake, na inamkaribia kwa kasi gani? (c) Ikiwa mabawa ya ndege ya pili ni mita 10, yalingane na milimita ngapi kwa umbali wa sentimita 60? (d) Rubani wa ndege ya kwanza akimwona mwenzake papo hapo, na akatumia sekunde 12.5, ndege yake itaanza kugeuka ikiwa imebaki mita ngapi kati yao?

Majibu: (a) 108 kwa kila moja; (b) mita 1,800, kwa mita 50 kwa sekunde; (c) 3.3, (d) 1,175. Mwalimu aweza kulirudia swali (d) akidhani kwamba rubani huyo alikuwa akitazama vipimo vyake kwa sekunde 20 za kwanza.